Neno Moja, Kitunguu Saumu na Bei ya Zamani Ukutani

"Eonni, jana usiku I was poignant."

Ujumbe huo uliingia nikiwa nimesimama ndani ya treni ya laini namba 2 jijini Seoul, saa za watu kutoka kazini, mkono mmoja kwenye kitanzi na mwingine kwenye simu. Niliusoma mara mbili. Nilimwelewa bila shida kwa sababu namjua, alitaka kusema moyo wake uliguswa, lakini mgeni wa Kiingereza chake asingeambulia kitu. Tahajia ilikuwa sawa, kitenzi kilikuwa sawa, wakati ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilituchukua karibu miezi mitatu kulimaliza.

Eonni ni dada. Msichana wa Kikorea humwita hivyo dada yake wa tumbo moja, na pia mwanamke yeyote aliyemzidi umri ambaye wamezoeana. Aliyeniandikia alikuwa na miaka 23. Mimi nilikuwa pale kwa ufadhili wa serikali ya Korea, ule unaokupa kwanza mwaka mzima wa kujifunza Kikorea kabla ya kuingia darasani kwa shahada yenyewe. Tulikutana kwenye mpango wa kubadilishana lugha: saa moja ananifundisha Kikorea, saa inayofuata namsaidia Kiingereza. Hakuna pesa. Mara nyingi tulikaa kwenye mgahawa wa mama yake, mgahawa wa nyama ya kuchoma mezani, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni kabla wateja hawajaanza kuingia.

Alikuwa anajiandaa na pyeonip. Wengi wetu tumesikia habari za suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Novemba, ambao ndege husimamishwa kuruka na kutua wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Pyeonip haina umaarufu huo. Huo ni mtihani wa mtu aliyekwisha kusoma miaka miwili chuoni na sasa anataka kuhamia mwaka wa tatu wa chuo kingine, kwa kawaida chenye jina kubwa zaidi. Kila chuo hutunga mtihani wake, na hufanyika kati ya Desemba na Januari. Kwa wanaosoma masomo ya sanaa na jamii, sehemu kubwa ya vita ni Kiingereza, na sehemu kubwa ya Kiingereza hicho ni msamiati. Si msamiati wa kuombea maji. Ni maneno ambayo hata Mmarekani aliyesoma huyakuta kwenye gazeti la Jumapili na kuyapita. Suneung, tangu mwaka 2017, imelegezwa kidogo upande huo: ukipata alama 90 na kuendelea unaingia daraja la kwanza bila kushindanishwa na wenzako. Pyeonip haijalegezwa. Nafasi ni chache, na neno moja usilolijua linaweza kukuweka nje.

Daftari lake lilikuwa na maneno kwa maelfu. Upande wa kushoto neno la Kiingereza, kulia maana ya Kikorea, na chini mnyororo wa visawe vilivyounganishwa kwa alama ya sawasawa, kama hesabu. Mbali na daftari alikuwa na kkamji. Kkamji ni karatasi unayoijaza kwa kuandika neno lile lile tena na tena, bila kuacha nafasi, mpaka karatasi nyeupe igeuke nyeusi. Kuna walimu waliokuwa wakiitumia kama adhabu, na kuna wanafunzi wanaojipa wenyewe kwa hiari. Alinionyesha moja ya poignant. Pande mbili, wino wa kalamu ya bei rahisi, mistari imebanana hadi herufi zinakanyagana, na ukiishika juu ya taa huoni mwanga ukipenya. Nilipitisha kidole nikahisi matuta ya kalamu upande wa nyuma. Sikuwa na la kusema. Mtu aliyeandika neno mara mia kadhaa anastahili kulijua.

Na kwa namna fulani alikuwa analijua. Ukimwamsha usiku wa manane ukamwuliza, angekujibu: gaseum apeun. Gaseum ni kifua, apeun ni chenye kuuma. Maana ya pili aliyoiandika ni gaseum-eul jeomineun. Hapo ndipo nilipomwuliza swali langu la kwanza la kweli, kwa sababu jeomida sikuwa nimewahi kulisikia. Hakunieleza. Alinyoosha mkono kuelekea jikoni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la kitunguu saumu miguuni, ubao mapajani, anakata punje moja moja kuwa vipande vyembamba vya kuona ng'ambo. Korea nyama choma haiendi mezani bila vipande hivyo. Unaviweka pembeni ya wavu, vinaiva kidogo, kisha unavifunga pamoja na nyama ndani ya jani. Kitendo kile cha kukata vyembamba, taratibu, punje baada ya punje, ndicho jeomida. Kwa hiyo habari ya jeomida gaseum ni habari inayokikata kifua chako hivyo, kipande chembamba kwa kipande chembamba.

Nikamwambia: kwetu inakata maini.

Akacheka, akadhani nimekosea Kikorea. Nikamhakikishia. Maneno yanakata maini, msiba unakata maini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nao wana neno la zamani, aekkeunta. Ae ni jina la kale la matumbo, na kkeunta ni kukata kitu kikakatika. Watu wa leo wanalitumia bila kukumbuka kwamba ndani yake mna matumbo. Basi siku ile hatukusoma sana. Tulikaa tukihesabu viungo vya mwili ambavyo huzuni hukaa ndani yake kwao na kwetu, na mama yake akiongeza vyake kutoka kwenye kigoda.

Lakini "I was poignant" ilikuwa bado ipo, na nilihitaji kujua imetoka wapi. Mtu haandiki hivyo kwa uzembe. Nikarudi kwenye mnyororo wa visawe daftarini: poignant ni sawa na touching, ni sawa na moving, ni sawa na piercing. Nikaiona njia aliyopita. Anajua kwamba moyo wake ulipoguswa, Kiingereza husema touched. Touched na touching ni ndugu. Touching na poignant kuna alama ya sawasawa kati yao. Basi ukifuata alama zile kama mtu anayefuata ishara za barabarani unafika penyewe kabisa, kwenye sentensi ya kwamba wewe binti ndiye poignant. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kivumishi kile hakimkai anayeumia. Kinakikaa kinachoumiza.

Nilijaribu kumweleza hilo kwa Kiingereza nikashindwa. Nikajaribu kwa Kikorea changu cha mwaka mmoja na nusu, nikashindwa vibaya zaidi. Na sababu ya kushindwa si ujinga wa yeyote kati yetu. Kikorea kina adabu yake kuhusu hisia. Seulpeuda, kuwa na huzuni, ni neno ambalo kwa kawaida unalisema juu yako mwenyewe, kwa kuwa huzuni yako unaijua wewe. Ukimsema mtu mwingine unabadilisha, unasema seulpeohada, yaani anaonyesha huzuni, anafanya ya mwenye huzuni, kwa sababu wewe humo kifuani mwake hukuingia. Mimi napenda sana adabu hiyo. Kuna unyenyekevu ndani yake. Lakini ukitoka kwenye lugha inayouliza kila mara "ni kifua cha nani?" ukaingia kwenye Kiingereza, unakuta kivumishi kimening'inizwa juu ya picha, juu ya barua, juu ya kiatu, na hakuna kifua kinachotajwa. Hadithi yenyewe ndiyo yenye sifa hiyo, hata kama hakuna anayeisoma. Kwa Kikorea ukisema gaseum apeun iyagi, umeweka kifua, kuuma na hadithi mahali pamoja, na kila mtu anaelewa bila kuambiwa nani anamfanya nini nani. Poignant haikubali mkusanyiko wa namna hiyo.

Kilichotufungulia mlango ni samaki.

Mama yake ni mtu wa upande wa Mokpo, kusini magharibi, mkoa wa Jeolla Kusini, na watu wa huko hawana sherehe bila hongeo. Hongeo ni samaki wa jamii ya taa, aliyeachwa achache kwa muda mpaka awe na harufu ya amonia. Jumapili moja alitoka na sahani: hongeo, nyama ya nguruwe iliyochemshwa na kimchi iliyozeeka, yaani kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, vitatu vinaliwa pamoja. Mimi nguruwe sili, kwa hiyo alinitengea hongeo na kimchi peke yake, akakaa mbele yangu kuniangalia.

Nikaweka mdomoni. Kwa sekunde mbili hakuna kitu. Halafu moshi usio na moto ukapanda kutoka nyuma ya koo, ukapita puani, ukachoma mpaka machoni. Machozi yalitoka. Binti yake akapiga kofi kwa furaha: "Ko-reul jjireujyo?" Inachoma pua, sivyo?

Nikamwambia arudie. Jjireuda ni kuchoma kwa kitu chenye ncha: sindano, mwiba, kisu. Kwa Kikorea harufu kali haitoki tu, inachoma pua. Na mimi, mtoto wa Tanga niliyekua jirani na vichanja vya papa mkavu, niliijua harufu ile kabla sijaambiwa jina lake. Papa na taa ni ndugu. Nyama yao ina urea, na ikikaa urea ile hugeuka amonia. Bibi yangu alikuwa akimloweka papa usiku kucha, kisha anampika kwa nazi, na nyumba nzima tunajua leo kuna nini. Sikumwambia mama yule kwamba hongeo ni tamu, kwa sababu sio kweli, sio kwa anayemwonja mara ya kwanza. Nilimwambia nimekumbuka nyumbani. Alinijazia sahani.

Tukiwa bado tunafuta machozi ndipo nikakumbuka nililowahi kusoma: poignant na pungent, neno la Kiingereza la harufu kama ile, ni watoto wa mama mmoja. Mama yao ni kitenzi cha Kilatini, pungere, kuchoma kwa ncha. Pungent ilichukuliwa Kilatini moja kwa moja. Poignant ilipitia Kifaransa cha zamani ndiyo maana imebadilika sura, na ndiyo maana herufi g iliyomo haitamkwi, na kinachosikika ni ny kama ya nyama. Katika Kiingereza cha karne ya 14 mchuzi wenye viungo vikali uliweza kuitwa poignant, na ncha ya mkuki pia. Kuchoma kwa moyo kulikuwepo tangu mapema, lakini mchuzi na mkuki vimeondoka, umebaki moyo peke yake.

Na ile -ant ya mwisho ni kiambishi cha Kifaransa chenye kazi ile ile ya -ing ya Kiingereza. Maana yake ni -nayochoma. Sio -liyechomwa. Touching ana mwenzake touched, lakini poignant alivuka bahari peke yake, mwenzake wa upande wa kutendwa hakuja. Ukiwa wewe ndiye uliyechomwa, neno hilo halina kiti chako.

Sasa angalia jinsi Kiswahili kinavyolieleza hili kwa herufi moja. Choma, chomwa. Sindano inachoma, mtoto anachomwa. Hakuna Mswahili anayeweza kuchanganya hayo mawili, hata wa miaka mitatu, hasa akiwa ndiye anayepelekwa kliniki. Nikauliza kama jjireuda nayo ina upande wa pili. Akasema ipo, jjillida, kuchomwa. Macho yake yakabadilika hapo hapo, akaanza kuongea haraka hadi nikamwomba apunguze. Kumbe jjillida vijana wanaitumia kila siku: mtu akijibu kwa hasira alipoulizwa jambo dogo, rafiki zake wanamwuliza, "Jjillyeo?", yaani je, umechomwa, dhamiri inakusuta? Nami nikamwonyesha daftarini kwake, kurasa chache nyuma, neno compunction, majuto ya dhamiri, alilolikariri kama jiwe lisilo na jina. Ndani yake mna pungere ile ile.

Baada ya hapo hakuna aliyetuzuia. Akauliza kama pointi imo. Imo, kwa kuwa nukta ni alama ya ncha iliyochoma. Anazo pointi kwenye kadi ya duka la karibu na kwao, anazitaja kila anaponunua maziwa. Akauliza peongkeu. Mimi sikulijua. Akaonyesha kwa mikono gurudumu linaloishiwa upepo. Pancha! Wakorea walilichukua neno la Kiingereza kupitia Kijapani wakapata peongkeu, sisi tukalichukua wenyewe tukapata pancha, na fundi wa baiskeli chini ya mwembe wa kwetu na fundi wa pikipiki wa Seoul wote wanashughulika na kitenzi kimoja cha Kilatini bila kujua. Wao wamelipeleka mbele zaidi: mtu akikosa kutokea kwenye miadi amefanya peongkeu. Akakiri kwamba wiki iliyopita alinifanyia peongkeu, akaomba radhi upya.

Kisha mama, ambaye tulidhani hasikilizi, akauliza, "Na chim?" Chim ni sindano za matabibu wa kienyeji, zile nyembamba kama unywele anazochomwa begani kila mwezi kwa ajili ya maumivu ya kukata nyama miaka yote hiyo. Na kweli, Wazungu waliita tiba ile acupuncture. Jina hilo alilitunga kwa Kilatini daktari wa Kiholanzi, Willem ten Rhijne, aliyefanya kazi Japani, katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1683: acus ni sindano, na kinachobaki ni kuchoma. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa kitu alichokuwa na uhakika nacho tangu mwanzo.

Hapa lazima niseme jambo linalonikaa rohoni. Mimi nimesoma shule ya sekondari ambako tulizungumza Kiswahili kwa kunong'ona. Aliyekamatwa akizungumza alivalishwa kibao shingoni, na akitaka kukivua alipaswa kumsikia mwenzake akiteleza. Nilikivaa siku mbili mfululizo. Tuliambiwa Kiswahili kinaziba njia ya Kiingereza. Na binti huyu, kwenye darasa la jioni alilolipia, aliambiwa aache kufikiria kwa Kikorea. Sikubaliani kabisa na mafundisho hayo, na sasa nina ushahidi wa meza moja. Mia kadhaa ya poignant kwenye kkamji haikumfundisha nani anachoma na nani anachomwa. Jjireuda na jjillida zilimfundisha kwa dakika chache, kwa sababu alikuwa nazo tangu utoto. Mimi mwenyewe, niliyesoma kemia na historia kwa Kiingereza, sikuwahi kuielewa ile -ant mpaka niliposikia choma na chomwa zikinieleza kazi yake. Kiingereza chetu kingekuwa kipana zaidi leo kama tungeruhusiwa kuingia nacho mlangoni tukiwa na lugha zetu mkononi.

Basi nani anachomwa tulikuwa tumelimaliza. Lakini lilibaki lingine gumu kuliko hilo: kipi kinachoma. Kwa kuwa si kila cha huzuni ni poignant. Alianza kuliweka kila mahali. Ajali ya barabarani aliyoisoma gazetini, poignant. Mtihani alioufeli, poignant. Nikamwambia hapana, akaniuliza kwa nini, na "basi tu" haikuwa jibu la kumpa.

Nilichoweza ni kumpa mifano kutoka kwake mwenyewe. Kila Mkorea anajua kipindi cha KBS, shirika la utangazaji la taifa, cha mwaka 1983 cha kuwatafuta ndugu waliotenganishwa na vita vya 1950 hadi 1953. Kilirushwa moja kwa moja kwa siku 138, kuanzia Juni 30 hadi Novemba 14, saa 453 na dakika 45 kwa jumla, na familia 10,189 zilikutana. Rekodi zake ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 2015. Bibi yake alikifuatilia chote. Alikuwa amekuja kusini akiwa msichana, na hakumpata mtu. Nikamwuliza: vita vyenyewe ni poignant? Akafikiri, akasema hapana, vita ni vya kutisha. Familia 10,189, je? Akasita. Ni nyingi mno, akasema, namba inajaza kifua lakini haichomi. Alitumia neno mungkeul, ule msukumo wa ghafla unaojaa kifuani kama tonge lililogoma kushuka. Nikamwuliza tena: na yule mzee mmoja aliyesimama nje ya jengo la televisheni, ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa jina lake la utotoni na kijiji chake, siku baada ya siku?

"Hiyo," akasema.

Tukaongeza picha za Agosti 2018, mara ya mwisho ndugu wa kaskazini na kusini kuonana katika mlima Kumgang, wazee ndani ya basi na wazee nje ya basi wakibandika viganja kwenye kioo kimoja. Kioo kile. Ndipo tulipoanza kuona kwamba sindano ni nyembamba. Msiba mkubwa unakuangukia kama ukuta, na unapondwa, huchomwi. Poignant inataka kitu kidogo chenye ncha, tena mara nyingi kitu ambacho hakikukusudia kukuumiza. Mara nyingi kuna utamu ndani yake pia: viganja viko kwenye kioo kwa sababu walipendana. Kikorea cha sasa kina meokmeokhada, ile hali ya masikio kuziba ndegeni inapohamia kifuani, na vijana wanaitumia sana wakitoka sinema. Binti yule alitaka kuiandika kama maana mpya daftarini. Nikamwambia angalia, meokmeok ni wewe baada ya kuchomwa. Akalifuta mwenyewe.

(Kuna neno moja la Kikorea, han, uchungu wa muda mrefu uliojikusanya moyoni, ambalo kila mgeni anayeandika juu ya huzuni ya Korea hulikimbilia. Nililitaja mara moja. Aliniangalia kwa upole akasema yeye ana miaka 23, na han ni ya kwenye vitabu vya shule. Sijalitaja tena.)

Mwishoni mwa Novemba alinitaka nimpe mtihani: sentensi tano zenye poignant, asinakili popote. Nilipofika alikuwa ameandika moja tu. Alinigeuzia daftari.

"The old price under the paper is poignant."

Bei ya zamani chini ya karatasi. Sikuelewa. Nilikagua sarufi, ilikuwa safi, lakini maana haikunijia. Akanyoosha mkono tena, kama siku ile ya kitunguu saumu, safari hii ukutani.

Kulikuwa na ubao wa orodha ya vyakula ambao nimeukalia mbele kwa zaidi ya mwaka. Herufi ziliandikwa kwa brashi nene, nyeusi, na mtu mwenye mkono mzito. Kwenye mstari wa soju, kile kileo chao, bei ilikuwa imebandikwa karatasi: won 5,000. Nilisogea. Chini ya ukingo wa karatasi hiyo palichungulia nyingine, iliyokuwa ya won 4,000. Na chini ya zote mbili, pale gundi ilipoachia kona, ilionekana nusu ya namba 3 kwa brashi ile ile nene. Baba yake ndiye aliyeandika ubao ule walipofungua mgahawa. Alikuwa amefariki miaka minne kabla. Namba zote za karatasi zilikuwa za mwandiko wa mama, mwembamba, uliolalia kushoto. Kila bei ilipopanda, mama alikata karatasi ndogo ya kutosha namba tu, asiguse herufi.

Tulikaa kimya. Mama alikuwa jikoni, kisu kikigonga ubao. Baadaye alitoka akifuta mikono, akauliza neno lenyewe lina maana gani hata tumelisoma tangu vuli. Binti yake hakumwambia gaseum apeun. Hakumwambia jeomineun. Alisimama, akaenda ukutani, akaibonyeza ile kona iliyoachia kwa kidole gumba, taratibu, akaishikilia hapo.

Mtihani wa Januari haukuwa na poignant hata mahali pamoja. Alifaulu kwenye chuo cha pili kati ya vitano alivyoomba. Mwaka huo huo soju ilipanda tena, nami nilikuwapo siku mama alipokata karatasi mpya. Aliipaka gundi, akapanda kwenye kigoda, akabaki amesimama muda. Kisha akazibandua zile mbili za zamani kwa ukucha, akaibandika mpya pembeni, kwenye nafasi tupu ya ubao, na 3,000 ya brashi ikabaki wazi, na mstari mmoja mwembamba wa kalamu juu yake.